Kadi niliyoichapa mwenyewe imerudi nyumbani shingoni kwa mwanangu

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, mashine moja ya fotokopi, printa mbili na moja inagoma kila mvua ikinyesha, pamoja na mashine ya lamineshani ambayo rola lake limechoka, linaacha kikunjo kidogo kwenye kona ya chini. Hicho kikunjo naomba mkikumbuke maana ndo kimeniponza mpaka nimeshika kalamu. Mimi sio mtu wa kuandika magazetini kabisa, gazeti kwangu ni la kufungia madaftari ya wateja, kwaiyo mkiona nimechanganya mambo mtanisamehe.

Mwaka jana shule zilipofungua tu alikuja mwalimu mmoja, kijana mstaarabu sana, shikamoo mama, marahaba baba, akasema anataka kadi kumi za manila ya njano, ukubwa wa kiganja, zichapwe maandishi ya Kiingereza afu nizilamineti na kuzitoboa tundu la kupitisha kamba. Nikamuuliza ziandikwe nini akanipa kikaratasi. Kiingereza changu ni cha kuuzia kalamu na rula lakini hiyo nilielewa, ilikuwa inasema kwamba mimi leo nimeongea Kiswahili. Nikacheka, na yeye akacheka, tukapatana buku buku, akalia lia kidogo nikamfanyia zote kumi elfu nane. Kamba ya katani nilimkatia bure, nyongeza. Alivyoondoka nikaendelea na kazi zangu wala sikuiwaza tena ile oda.

Sasa mwezi wa pili siku moja jioni natandika kitanda cha binti yangu, yuko darasa la tano hizi shule za inglishi midiamu, nikainua godoro nikaikuta kadi ya njano na kamba yake. Kona ya chini ina kikunjo. Mhariri nilikaa chini pale pale kitandani. Nikamwita, nikamuuliza hii nini, akaanza kulia kabla sijamaliza kuuliza, akasema mama naomba mia tano, ukilala nayo kadi kesho unairudisha na jero, usipokuwa na jero unasimamishwa mbele mstarini nayo shingoni. Nikamuuliza ulisema nini wewe mpaka ukapewa. Akasema nilisema pole.

Pole. Mwenzake alijikwaa kwenye ngazi kucha ikang'oka damu ikatoka, yeye akamwambia pole, na monita alikuwa nyuma yao.

Nimekaa na hilo neno siku nyingi. Nilimuuliza binti sasa kwa Kiingereza ulitakiwa useme nini, akafikiri akasema sori. Nikamwambia lakini si wewe uliyemwangusha, sori si mtu anasema akikosea? Akanyamaza. Na ndo ukweli wenyewe, mtu kafiwa unampa pole, mtu katoka safari pole, mtu kabeba ndoo ya maji kichwani mnapishana njiani pole, mtu yuko kazini hata hajaumwa unamwambia pole na kazi naye anakujibu nishapoa. Hao watoto wanafundishwa kwamba mwenzio akiumia kwanza tafuta neno kichwani, ukilikosa bora upite kimya kuliko kuadhibiwa. Binti yangu aliniambia mwenyewe, siku hizi mtu akianguka tunamwangalia tu.

Kwa wasiojua hii kadi inavyofanya kazi niwaeleze. Asubuhi monita anayo mfukoni. Wa kwanza kuteleza anavishwa. Huyo aliyevishwa sasa kazi yake siku nzima sio kusoma, kazi yake ni kutega sikio amkamate mwenzake ili amvishe yeye, na huyo naye atafute mwingine, mpaka kengele ya kuondoka, aliyebaki nayo ndo anarudi nayo nyumbani. Binti ananiambia wapo watoto wanaomfinya mwenzao makusudi au kumtekenya ili aropoke, maana mtu akifinywa hawezi kulia kwa Kiingereza. Mwisho wa wiki mwalimu anataka majina ya wote walioipitia. Sasa hapo tunafundisha lugha au tunafundisha umbea na kuchomeana?

Na kinachonishangaza ni ratiba yao ya siku. Asubuhi mstarini wanaimba wimbo wa taifa, kwa Kiswahili, wamesimama wima kama askari, bendera inapanda. Wimbo ukiisha wanatawanyika kwenda madarasani na hapo hapo monita anaanza msako, yani mtoto anaweza kuikosea serikali ya shule ndani ya hatua kumi kutoka kwenye mlingoti. Afu baadae kuna kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili, hili somo lililoletwa juzi juzi, linafundishwa kwa Kiswahili, humo ndo wanafundishwa uzalendo, umoja, mila na desturi zetu. Binti anasema kipindi hicho kadi inapumzika. Inawekwa mezani kwa mwalimu. Kengele ikigonga inarudi shingoni.

Sina shida na hilo somo, nimelifungua kitabu chake hapa dukani mara nyingi maana wazazi wanaleta kutolesha kopi, ni somo zuri. Shida yangu ni kwamba uzalendo umepewa kipindi chake kama hisabati, ukitoka nje ya hicho kipindi basi. Mtoto hajifunzi kile mwalimu anachoandika ubaoni peke yake, anajifunza na kile anachofanyiwa koridoni. Ubaoni ameandikiwa Kiswahili ndo kilichotuunganisha makabila zaidi ya 120, koridoni anavishwa kadi kwa ajili yake. Mnadhani ataamini kipi?

Mwezi wa saba mwaka huo huo yule mwalimu akarudi, safari hii anataka bango kubwa la Siku ya Kiswahili. Mnajua UNESCO, lile shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, walitangaza mwaka 2021 kwamba kila tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani, ni siku ile ile kilipozaliwa chama cha TANU kilichopigania uhuru, mwaka 1954, na ni lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku yake. Basi nikachapa bango, bendera pembeni, mwenge katikati, maneno ya fahari kibao, na wazazi tukaalikwa. Nikaenda na mama yangu mzazi, bibi yake binti, kashuka toka mlimani kwa ajili ya siku hiyo na kanga yake mpya. Watoto walipendeza, wengine vitenge, wengine lubega za Kimasai, wengine wameshika vibuyu, kulikuwa na ngonjera na ngoma. Ila mshereheshaji, mhariri, alikuwa anaitangaza shughuli yote kwa Kiingereza. Anasema kwa Kiingereza sasa tunaleta ngoma ya asili, wazazi tunapiga makofi, nusu yetu hatujui kinachofuata.

Shughuli ilipoisha binti akaja tulipokaa. Kila siku nyumbani akimuona bibi anakimbia, shikamoo bibi, anashika mkono anauweka kichwani. Siku ile akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, akamsalimia bibi yake kwa Kiingereza, huku jicho liko kwa monita. Bibi akaniangalia mimi akauliza, kanifananisha na nani huyu? Nikamwambia mama ni sheria ya shule. Akasema haya, akachukua pochi yake. Njiani kwenye bajaji hakusema kitu na mimi sikuwa na la kusema, maana ile ada nalipa mwenyewe.

Hapa niseme na la kwangu, nisionekane nawatupia lawama walimu tu. Mimi ni Mluguru wa milimani. Nilianza darasa la kwanza 1988 na shuleni kwetu ukisikika unaongea kilugha unachapwa. Walimu walituambia kilugha ni ukabila, Kiswahili ndo utaifa. Kwaiyo Kiswahili nacho kiliwahi kushika fimbo, tusijifanye hakijawahi. Leo hii mama yangu akikaa na dada yake wakazama kwenye maongezi mimi nabaki na nusu nusu, naokota neno hapa neno pale, nacheka wakicheka. Najua nilichopoteza na najua kilipotelea wapi, kilipotelea darasani. Sasa ninapoona mwanangu anavishwa kadi kwa lugha ambayo mimi nilichapwa ili niijue, kweli nachanganyikiwa. Bibi yake aliachwa nyuma kilugha, mimi ntaachwa nyuma Kiswahili, na yeye wanawe watamuacha wapi?

Watu watasema mama steshenari wewe huna shule unajua nini kuhusu sera. Sina, ila wanafunzi wa vyuo wa hapa mjini wanakuja kuchapisha tafiti zao kwangu, na mimi wakati printa inatema kurasa mia na ishirini nasoma. Nimesoma kwamba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu, ile ya Makweta, ikapendekeza na sekondari zifuate, serikali ikakataa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema Kiingereza ndo Kiswahili cha dunia, hilo nalo tuliseme maana wengi humtaja pale anapowafaa tu. Lakini huyo huyo Mwalimu, Kiingereza chake cha Edinburgh, alikaa chini na kazi za urais akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Hakuona kwamba kujua kimoja lazima umvue mtu kingine. Halafu ikaja Sera ya Elimu ya 2014, hiyo ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote, na kwenye tamko linalofuata ikasema na Kiingereza kiimarishwe kufundishia ngazi zote. Mguu mmoja huku, mwingine kule. Toleo la 2023 limekuja na sekondari imebaki Kiingereza kama ilivyokuwa.

Huku nje Kiswahili kinapeta. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wamekipokea kuwa lugha rasmi Agosti 2019 mkutano ukiwa Dar es Salaam, Umoja wa Afrika wamekifanya lugha ya kazi Februari 2022, hata mahakama zetu mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mtuhumiwa wa wizi wa kuku leo ana haki ya kusikilizwa kwa Kiswahili, mtoto wa darasa la tano akisema pole anatozwa mia tano.

Nikirudi kwenye meza yangu, kuna kijana wa kidato cha kwanza shule ya serikali hapa jirani, alimaliza la saba Kayumba, yani shule ya msingi ya serikali, mtoto wa mama ntilie, akili nzuri tu. Alikuja na notisi za bayolojia, anataka kopi. Akawa anakariri huku anasubiri, kakariri fasili nzima ya fotosinthesisi kwa Kiingereza bila kukosea hata herufi, kama kasuku. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema hatujaambiwa maana, mtihani unataka hivi hivi. Nikamwambia si ndo ile majani kujipikia chakula kwa mwanga wa jua? Akashtuka. Aah mama, kumbe ndo usanisinuru! Nilikuwa naipata yote hii msingi! Yani alikuwa nacho tayari, kichwani, kwa jina lingine, na miezi minne anakaa darasani anadhani ni kitu kipya kigumu cha wazungu. Akaanza kunieleza mwenyewe mambo ya klorofili na kabonidayoksaidi mpaka wateja wengine wakanyamaza wanamsikiliza. Huyo mtoto darasani hanyooshi mkono, aliniambia, kwa sababu swali analo ila Kiingereza cha kuulizia hana, na ukiuliza kwa Kiswahili unachekwa. Mlangoni kwa ofisi ya walimu kumebandikwa tangazo kwamba asiyeongea Kiingereza hahudumiwi. Nalo nililichapa mimi, kama mnataka kujua.

Sasa najua swali linalokuja. Kama inakuuma hivyo mwanao anafanya nini huko, si umhamishie Kayumba? Swali la haki. Nilimpeleka kwa sababu shule ya karibu na kwangu darasa moja lina watoto zaidi ya mia, wengine wamekaa chini, na mwalimu mmoja. Nilimpeleka pia, ngoja niwe mkweli, kwa sababu nilitaka asikike. Nilitaka siku mgeni akija aongee ngeli sebuleni majirani wasikie, nijue hela yangu inafanya kazi. Wazazi wengi ndo tulivyo, tunapima shule kwa sikio. Mwenye shule naye anajua hilo, kadi ni biashara, mtoto akiongea Kiingereza getini mzazi mwingine analipa fomu. Kwaiyo sisi wazazi ndo wateja wa hiyo kadi kuliko hata walimu.

Na sisemi Kiingereza kitolewe. Anayesema hivyo hajawahi kupeleka mtoto intavyuu. Nataka mwanangu akijue, akijue vizuri kuliko mimi, lakini lugha inafundishwa na mtu anayeijua, kwa vitabu, kwa hadithi, kwa maongezi, kwa kukosea bila kuogopa. Haifundishwi kwa kadi. Kile anachorudi nacho binti yangu sasa hivi ni Kiingereza cha kukwepa adhabu, sentensi tano sita salama anazizungusha siku nzima, nje ya hizo anakaa kimya. Mwalimu anadhani darasa limeshaiva, kumbe darasa limenyamaza.

Kwenye moja ya hizo tafiti nilizochapa kulikuwa na habari ya Wales, huko huko Uingereza kwenyewe. Karne ya 19 watoto wao wakiongea lugha yao ya Kiwelsi shuleni walikuwa wanavishwa kipande cha mbao shingoni, kinapita kwa mtoto mpaka mtoto, wa mwisho jioni anachapwa. Nilisoma nikasimamisha printa. Ni ile ile, tofauti yake yao mbao yangu lamineshani. Ila leo huko Wales wana shule zinazofundisha kwa Kiwelsi kuanzia chekechea na hao watoto Kiingereza wanakijua vile vile. Kwaiyo hii kadi tunayoiona ya kisasa, wenzetu waliitupa zamani na wanaionea aibu, sisi ndo kwanza tunaagiza mpya za njano.

Ombi langu ni moja tu na sio kubwa. Wizara itoe waraka ipige marufuku kadi, vibao, faini na tangazo lolote linalomuadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili ndani ya shule ya Tanzania, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, na wathibiti ubora wakipita shuleni wasikague tu vyoo na maandalio ya somo, wawaulize watoto kadi iko wapi, watawaonyesha. Mambo ya lugha ya kufundishia sekondari wayajadili wakubwa, yamejadiliwa tangu sijaanza shule. Hili la kadi halihitaji tume.

Ile kadi sikuirudisha. Nilimpa binti jero yake aende nayo, nikamwambia sema imepotea, wakamdai na elfu mbili ya kadi mpya, nikalipa. Iko hapa dukani kwenye droo ya chenji, naiona kila nikitoa sarafu.

Juzi Jumatatu yule mwalimu kaja tena, shikamoo mama, marahaba. Anataka kadi ishirini safari hii, madarasa yameongezeka. Nilishika ile manila nikaiweka chini. Nilitakiwa nimwambie haya yote niliyoandika hapa, ila mwanangu yuko darasani kwake, nikaogopa. Nikamwambia mwalimu wangu mashine ya lamineshani imeharibika, rola limekufa kabisa, nenda kajaribu kule stendi. Akasema pole mama.

Mwalimu, kama unasoma gazeti hili, mashine ni nzima.

Ni mimi,
Mama Steshenari,
Morogoro.